Saa Zinazofika Zikitembea

Jumatatu, 4 Machi

Gunia jingine leo. Linalia lenyewe mezani, chwi chwi chwi, kama lina wadudu. Msimamizi kalitua, kajipangusa mikono, kaenda zake.

Mimi na Miwani, fundi mwenzangu, tukabaki tunatazamana. Jina la utani limebaki, miwani yenyewe kaifukia uani tangu Watu Wapya waliposhika nchi na kuanza kuwachukua wenye sura ya kusoma. Sasa anatengeneza saa kwa kuisogeza mpaka puani. Nikamwambia ipo siku atavuta mshale kama ugoro. Akacheka bila sauti. Ndivyo tunavyocheka siku hizi.

Kazi yetu: fungua, safisha, ng'oa uso wa zamani, bandika wenye nembo yao. Ikitoka hapo "imeundwa nchini". Haya. Mwenye nguvu mpishe.

Saa za nani? Za waliohamia Mashamba Mapya, anasema Msimamizi. Kule hawahitaji saa, wanaamka na jua. Na huko ni mbali, eti, safari ya siku nyingi kwa lori.

Jumatano, 6 Machi

Kuna kitu nimekijua na sikukitaka.

Nyingi za kwenye gunia ni zile zinazojitia ufunguo zenyewe, kwa mwendo wa mkono wa mvaaji. Ukiivua, kesho yake au keshokutwa inasimama. Haina ujanja. Na hizi zinafika zikitembea! Basi mikono hiyo jana au juzi ilikuwa inatembea. Hapa hapa karibu.

Nikamwambia Miwani. Fanya kazi, akasema. Baadaye kidogo, kwa upole: na chokaa je?

Kwenye matundu ya mikanda mna unga mweupe. Kila siku naupuliza tu, puu, naendelea. Chokaa humwagwa shimoni ili pasinuke. Nimeandika. Basi.

Kila nikifungua mfuniko wa nyuma natafuta alama. Sisi mafundi tukitengeneza saa tunachora alama ndogo kwa ndani, mteja haioni hata siku moja. Ya marehemu baba ni mwezi mchanga. Yangu nukta mbili. Mdogo wangu, Kitinda wa mama, alipopakiwa kwenye lori la walimu alikuwa amevaa saa ya baba. Mwezi na nukta mbili. Namuomba Mungu nisiione. Na kila siku naitafuta.

Ijumaa, 8 Machi

Mama kagoma tena dawa ya presha. Saa ile ya baba ina kengele, na Kitinda aliitegea saa kumi na moja jioni kwa ajili yake. Ikilia kama nyigu kwenye kopo, mama alikuwa anasema, nimesikia, nakunywa. Sasa anasema atakunywa ikilia. Nikamwita mkaidi. Akasema mkaidi amemzaa mkaidi mwenzake. Tumenuniana mpaka sasa.

Jirani wa kulia wamekwenda, wa kushoto wamekwenda. Nguo bado ziko kambani kwao. Mashati yamepauka upande mmoja, ule wa jua. Upepo ukivuma yanainua mikono. Sipiti tena upande ule.

Jumapili, 10 Machi

Redio ya nje, chini ya blanketi, mchana kweupe, jasho linatiririka. Baraza la mataifa limekaa. Lina wasiwasi mkubwa. Linafuatilia kwa makini. Hata paka humfuatilia panya kwa makini, lakini paka ana nia!

Halafu: watatuma ujumbe uje ujionee. Nikalia. Wanakuja! Nimelipiga pasi gauni la kijani, mimi mpumbavu.

Jumanne, 12 Machi

Mazoezi. Wanawake tumekusanywa sokoni, tumegawiwa vikapu: magazeti chini, vitunguu juu. Tembeeni, jamani, changamkeni, bishaneni bei. Meza zimefutwa, hazina kitu. Nikabishana bei ya nyanya na mama mmoja nisiyemjua. Nyanya hakuna. Nikamwambia ghali mno, akaniambia dada, kwa vile ni wewe nitapunguza. Tukacheka kwa sauti, kama tulivyoagizwa. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na changu kimo.

Vikapu vikarudishwa. Kitunguu kimoja kimepungua. Ilikuwa kesi!

Alhamisi, 14 Machi

Wamekuja. Niandike yote.

Wageni wapole, wananukia sabuni. Wakatuinamia mezani. Mmoja, mrefu, kamera kifuani, aliuliza kitu kirefu, huku anaonyesha dirishani, mtaa mtupu. Mkalimani akatugeukia: mgeni anasifu kazi yenu. Tukashukuru. Kumbe Miwani lugha ile anaijua, kaificha kama miwani. Akaninong'oneza: ameuliza watu wa mtaa huu wako wapi. Nikamuuliza: na mkalimani kamjibu nini? Kamwambia wako kazini.

Mgeni akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Hakuuliza tena. Nilikuwa nasubiri aulize tena! Mara moja tu!

Halafu zawadi. Kila mgeni saa moja, imeundwa nchini. Makofi. Mkono wa yule mrefu ni mwembamba, mkanda ukampwaya, Msimamizi akanipa nitoboe tundu. Nikaipokea. Vitufe viwili ubavuni. Cha pili ni cha kengele.

Nikageuka, nikafungua mfuniko kama ninayekagua. Mwezi. Nukta mbili.

Ilipita mikononi mwa Miwani, na yeye alama haioni. Simlaumu. Chokaa aliipuliza vizuri.

Sikupiga kelele. Nilisema mkanda huu wa ngozi unataka utulivu, nitaumaliza nyumbani. Uongo mtupu, tundu ni kazi ya kupepesa jicho. Nilitaka tu nilale nayo. Mgeni akafurahi kupita kiasi: basi kesho kabla ya ndege aje kuichukua mwenyewe, ampige picha fundi mwanamke kwake. Msimamizi akatabasamu meno yote. Akaniambia nideki.

Nimefika nyumbani nimekaa nayo mapajani. Mkono, kwa mazoea ya kazi, ukaitia ufunguo. Vitufe vyote viwili. Saa ikifungwa hutiwa ufunguo, ndivyo nilivyofundishwa, sikufikiri. Nikaiacha ndani, nikaenda uani kuteka maji.

Saa kumi na moja ikalia.

Ndoo ikaniponyoka. Kutoka chumbani sauti ya mama, tulivu kabisa: nimesikia, mwanangu, nakunywa.

Nilipoingia alikuwa ameshameza. Bilauri tupu. Kaivaa saa. Akaniuliza mbona namwacha mdogo wangu nje, aingie, chakula kipo.

Nikamwambia mama, ni saa tu. Akasema anajua ni saa, yeye si mjinga. Lakini saa haiji yenyewe.

Ijumaa, 15 Machi

Wapo. Nimesema nachemsha chai, naandika nimesimama jikoni, daftari juu ya gunia la mkaa. Mlango uko nusu wazi.

Msimamizi kabaki nje, anavuta sigara garini. Ndani ni mgeni, mkalimani na mama. Mama hataki kuivua. Kabembelezwa, kagoma. Mgeni anacheka, anampiga picha, bibi na saa. Anafikiri imempendeza!

Sasa mama anaongea. Kamshika mgeni mkono, mkono wake wenye saa juu ya ule wa mgeni. Anasema: baba, hii ni ya mwanangu. Wewe umeipata, basi umemwona. Yuko wapi?

Mgeni kamgeukia mkalimani, bado anatabasamu, anangoja.

Mkalimani hasemi kitu.

Ni kijana tu, sikuwa nimemtazama vizuri. Shingo imemlowa. Angeweza kusema bibi anashukuru. Jana alikuwa na jibu la kila kitu. Sasa anaangalia mlango wa jikoni. Ananiangalia mimi. Nimtikisie kichwa? Ndiyo, au hapana? Akisema kweli, yule bwana atapanda ndege. Sisi watatu tutabaki na wa garini.

Tabasamu la mgeni linaanza kupungua. Anauliza kitu, kifupi. Anauliza tena! Leo anauliza tena.

Na mama, kwa sauti ya juu zaidi, kama anayesema na kiziwi: Nimekuuliza, baba. Yuko wapi?

Maji yamechemka. Mlango wa gari umefunguliwa