Baba, Stesheni Yako Haikuwa na Reli

Ndugu zangu katika mapambano, mnaosomewa barua hii, nivumilieni: nazungumza kwanza na marehemu baba yangu, aliyekuwa mlinzi wa stesheni yetu ndogo karibu na Igowole.

Mpendwa baba,

Nimerudi kutoka chuo kikuu, nikakuta chokaa uliyoipaka ukutani bado inang'aa, nami nikatema mate. Nisamehe, sikukutemea wewe. Stesheni gani ile, yenye kengele, saa ya ukutani na benchi la Wazungu, lakini haina reli? Kilichofika pale ni basi la kampuni ya reli tu, lipitalo barabarani kutoka Iringa kwenda Mbeya. Abiria Waafrika walilisubiri nje, wamejikunyata katika ukungu, na ndani benchi tupu. Ulilifuta kila asubuhi, wala hukulikalia hata siku moja.

Unamkumbuka yule mama wa Mbalizi, mwuza vitunguu?

"Bwana Stesheni, treni yenu leo imepata pancha?"

Watu wakaangua kicheko. Ukaiweka kofia yako sawa. "Cheka tu, dada. Siku itakapopiga filimbi, wewe ndiye utakayekimbilia porini."

Nilicheka nawe. Leo kicheko kile kinanichefua.

Kwani wapimaji walikuja, wakapigilia vigingi katikati ya shamba la ulezi la mama, wakasema reli itapita hapo, pasilimwe. Wakaenda zao, wasirudi tena. Wewe ukabaki kuvilinda. Kila Jumapili baada ya ibada uliufyeka ukanda ule wa vigingi ukawa safi kama uwanja wa kanisa, na mama akalima mteremkoni, kwenye mawe.

"Baba Yohana," alikuuliza, "niliolewa na wewe au na vigingi?"

"Mama Yohana, tumeaminiwa."

Tumeaminiwa! Basi sikia walivyotulipa. Mwezi huu ofisi ya serikali imetuandikia kwamba reli haitajengwa, na kwamba ukanda ule atapewa mlowezi apande chai, kwa kuwa hauna mwenyewe: hakuna dalili kwamba umewahi kulimwa. Uaminifu wako wameugeuza ushahidi dhidi ya mjane wako. Walikuagiza usiulime; kwa kuwa hukuulima, wanauchukua. Nimesoma vitabu vyao miaka mitatu nikidhani nitapata jina la kistaarabu la uchafu wa namna hii. Sikulipata. Ni wizi, umevaa tai.

Wala wewe sikuachi, baba. Likizo yangu ya mwisho ukiwa hai nilikusihi tuving'oe vigingi, ukanitazama kana kwamba nimeutukana msalaba. Ulitii mpaka utii wako ukawa kamba shingoni mwa mama. Nakupenda, na utii ule unanitia kinyaa, sijui kuvitenganisha.

Jana mama alikuwa akichambua mbegu za mahindi. Akasema bila kuinua uso, "Mwandikie baba yako kwamba simkosei adabu. Nimengoja vya kutosha."

Pumzika, baba. Zamu yako imekwisha.

Nanyi ndugu, watu wa chai wanakuja kupima Jumamosi adhuhuri. Sisi tukutane Jumamosi hiyohiyo, saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya ukanda, kila mtu na jembe lake. Atakayepiga jembe la kwanza ni mama.

Mimi,
mwanao wa kwanza