Mwavuli wa Kuzibia Mwezi

Mama,

Asubuhi, ukiwa misani, alibisha hodi mtu nisiyemjua, ameshika samaki, migebuka. Iko kwenye sufuria, ifunike vizuri, paka ameshaiona.

Ametumwa na mwenye boti wa Kipili: boti tutaipata leo usiku, tukalale kisiwani. Nikamwambia leo mwezi ni mpevu, nyota zitafifia. Akacheka. “Usiku wa giza tunavua dagaa, kaka. Boti inapumzika mwezi ukiwaka.”

~~Nimemwambia Bibi tuahirishe.~~ Nilikwenda kumwambia Bibi tuahirishe, nikamkuta amevaa joho langu la mahafali kwa ajili ya baridi, mwavuli mkononi.

“Mwezi wenyewe ni mmoja tu, mume wangu,” akasema. “Tutauziba.”

Ungemjibu nini? Nilimwahidi kumlaza kwenye mchanga wa kisiwani azione nyota kabla macho hayajafunga. La kushoto limeshaingia ukungu, la kulia linafuata.

Maharage yaongezee maji. Mdogo wangu Avelina asiguse redio yangu. Padri akimuulizia Bibi, mwambie yuko safarini. Usimweleze habari za mwavuli.

Tutarudi ~~kesho~~ kesho kutwa.

Kitu kimoja nimekigundua wakati nafunga mizigo. Ili mwezi uzibike, lazima mtu asimame na mwavuli mpaka alfajiri, akiuangalia mwezi wenyewe usimponyoke. Mtu huyo ni mimi, niliyeisubiri safari hii tangu nikiwa chuo.

Si neno. Nyota atanisimulia Bibi.

Mwanao, mume wa Bibi,
Zenon