Jina Lililobaki Ndani ya Seva

Pasiansi,
Mwanza.
2 Juni 2025

Mpendwa dada Renatha,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Gothenburg, maziwa yanatoka vizuri na mgongo umeacha kukusumbua. Shemeji Shimba hajambo? Na mtoto je, analala usiku, au bado amewageuza walinzi wa zamu? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua zimekata, ziwa limetulia, na umeme unakuja na kuondoka bila kuaga kama ulivyouacha.

Barua anakuletea Wilhelmina, binti wa jirani yetu, anayekuja kusoma huko. Mjomba Mutayoba amekufungia senene wa kukaanga na kahawa ya kutafuna. Watu wa uwanja wa ndege wakiwachukua senene, usimnunie binti wa watu.

Ningeweza kukupigia simu. Nimeishika mara nyingi nikaiweka chini, kwa sababu ukianza kulia mimi siwezi kuendelea, na hili lazima nilimalize. Dada, maneno aliyokuachia Mama sijayapata. Nakuambia hapa juu mapema ili usisome haraka haraka ukitafuta habari njema huko chini. Hazipo.

Nianze mwanzo, maana mengine hukuwahi kuyajua. Mama alipohamia kituoni kwetu mwezi Januari, hapa tunapowatunza wagonjwa wasiopona, alikuta tuna kachumba ambako mgonjwa hukaa akawarekodia watu wake walio mbali. Mitambo yote ya pale ni mimi naitunza, hilo unalijua. Akasema naye anataka kuongea nawe, na ndani ya maongezi hayo atampa mtoto jina. Shemeji Shimba alikwisha kumwachia heshima hiyo, ingawa kwa desturi jina hutoka upande wa baba, na Mama alitembea nayo kama kitenge kipya. Kila muuguzi aliambiwa.

Lakini unamjua Mama. Kwake yeye jina la mtoto asiyezaliwa halisikiwi na mtu kabla ya mzazi wake. Akanitoa nje. Kwako ni mama mzazi na kwangu ni mama mkubwa, lakini yeye ndiye aliyenilea tangu sijang'oa jino, na asubuhi ileile nilikuwa nimemwogesha. Nikakaa kwenye benchi nje, nimenuna. Aliponiita alikuwa anatabasamu, akaniagiza nisikupelekee kitu mpaka mtoto alie. Mwezi Machi akaenda zake, tukamzika, na wewe ulikuwa na tumbo ambalo hakuna ndege ingelipokea.

Nikasubiri mtoto alie, kama nilivyoagizwa. Wiki moja kabla hujajifungua, wakaja wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi. Unawakumbuka, wanaingia mpaka kwenye chai. Safari hii walijaa ndani ya seva, yaani ile kompyuta kubwa inayotunza mafaili ya kituo kizima. Feni ikakwama, mashine ikapata moto, ikazima. Mimi nilikuwa Magu kwenye msiba wa shangazi yake Suzana, mwenzangu wa kituoni.

Antoni, dereva wetu, ana moyo wa dhahabu na mikono isiyotulia. Akaifungua mashine, akachomoa diski zote nne, akazipangusa kwa brashi ya rangi moja baada ya nyingine, akazianika kivulini kama dagaa. Kisha akazirudisha bila kukumbuka ipi ilikaa wapi. Mashine ilipowaka ikauliza swali kwa Kiingereza, naye akabonyeza ndiyo, kwa sababu hapa kwetu mashine ikiuliza huwa tunaitikia ndiyo ili iache kelele. Kumbe iliuliza kama ianze kupanga upya. Ikaanza kuandika juu ya vilivyokuwamo.

Nilimfokea Antoni maneno ambayo padre hajayasikia bado. Akalia, na mimi nikalia, na kazi haikusonga hata kidogo. Utaniuliza kama hatukuwa na nakala. Tulikuwa nayo. Ilikuwa kwenye mashine ileile, kwa sababu kila nilipoomba diski ya pembeni niliambiwa mwakani.

Yaliyobaki kwenye diski ni vipande elfu na elfu visivyo na majina. Kuna kitu kimoja tu nilichokuwa nacho mkononi. Mwezi Februari mtandao wa kituo ulikuwa unakokota miguu, nikaweka programu inayonasa kila kinachopita kwenye waya ili nijue kinachokwamisha. Ndani ya kumbukumbu hiyo yamo mazungumzo ya kompyuta yangu na seva, na mle limetajwa faili la Mama, ingawa sauti yenyewe haimo.

Nisikilize hapa taratibu, ni rahisi. Kompyuta ikiomba faili kwa jina, seva haiipi faili moja kwa moja. Inaipa kwanza kitambulisho, mlolongo mrefu wa tarakimu na herufi. Mwenye kukipokea hahitaji kukielewa, ni kama kile kibati unachopewa bandarini ukiacha mzigo. Anakirudisha kama kilivyo na seva inajua yenyewe faili liko wapi. Sasa seva aliyekijua amekufa, na mimi nimebaki na kibati. Katikati ya tarakimu zile imo namba ya faili, na namba hiyo ingenionyesha mahali maneno ya Mama yalipolala kwenye diski.

Taabu ni kwamba kila mtengenezaji hupanga vitambulisho vyake anavyotaka, na hakuna alama inayosema hiki ni cha fulani. Seva yetu ililetwa na wafadhili ikiwa imetumika, karatasi ya jina imebanduka, na aliyeifunga alisharudi kwao. Kwa hiyo unakisia. Ipo programu yenye kanuni za kukisia: kikiwa na urefu huu, kikianza na tarakimu hizi, basi huenda ni cha aina ile. Kwa kazi nyingine zinatosha kabisa.

Lakini ina tabia moja iliyonichosha. Haisemi sijui. Ikipata aina ya kwanza inayoelekea kufanana, inaitangaza bila haya. Jirani yangu Dorotea huuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, naye hukisia gunia limetoka kisiwa gani kwa kushika mchanga uliomo. Mara nyingi hupata, mara nyingine hukosa, lakini siku akishindwa utamsikia, "Mwenzangu, hawa hata siwajui." Kompyuta haijafikia ustaarabu huo.

Kisio la kwanza likanipeleka mahali patupu, sifuri zimepangwa mpaka mwisho. La pili likanipeleka kwenye orodha ya shuka za kufuliwa. Nikaanza kutunga kanuni zangu mwenyewe. Niliweka vitambulisho vingi sambamba nikatazama kipi hakibadiliki na kipi kinabadilika, kipi kinakua kadiri mafaili yanavyoongezeka. Mjomba alinipigia simu akasema subira yavuta heri. Nikamwambia heri hii labda imefungwa kwa minyororo.

Ili nijue kama kisio langu ni la kweli, nililijaribu kwanza kwenye faili la mtu mwingine, mzee Luhende, aliyefariki mwezi uleule na Mama. Namba ikanipeleka mahali, nikafungua, na mzee Luhende akaanza kuongea Kisukuma na mwanawe aliyeko Magu, kuhusu ng'ombe na kuhusu kumsamehe mdogo wake. Rekodi ilikuwa nzima, mwanzo mpaka mwisho. Dada, niliruka nikagonga goti mezani. Muundo nilikuwa nimeupata! Tangu tumzike Mama sikuwa nimefurahi namna ile.

Nikaweka kitambulisho cha Mama. Namba ikatoka, na mahali ni penyewe, hilo nakuhakikishia. Mwanzoni ipo mvua kwenye bati na kiti kinachosogezwa. Inasikika sauti yangu ikiuliza kwa Kihaya, "Nifunge mlango, Mama?" Naye anajibu, "Funga, mwanangu." Mlango unafungwa. Baada ya hapo ile mashine iliandika vyake juu, na hakuna kitu.

Nimesikiliza mpaka nimeacha. Nimemwita kijana mjuzi wa Kirumba, naye akatazama akanipa pole. Maji yakishamwagika hayazoleki, na haya yalimwagiwa mengine juu yake.

Kuna jambo linaniuma kuliko wadudu na kuliko Antoni. Siku ile ya Februari nilifungua folda ili kuona tu kama faili la Mama lipo, nikaliacha bila kulisikiliza, kwa sababu nilikatazwa. Ningelisikiliza, sauti yenyewe ingepita kwenye waya na programu ingeinasa yote. Utii wangu kwa Mama ndio uliolipoteza jina. Mama huyohuyo ndiye aliyenifundisha kutii. Nina hasira naye, dada, na sina mahali pa kuipeleka hasira hiyo.

Sasa kuhusu jina. Najua ofisi ya huko inakuulizeni na najua mmekuwa mkimwita "mtoto" mkinisubiri mimi. Mjomba Mutayoba anaona nimejitesa bure. Aliniambia, "Unatafuta nini kwenye mashine? Majina ya mabinti zetu yanaanza na Koku. Na marehemu nani alimuuguza? Wewe. Mwandikie Renatha kwamba umesikia Kokulinda, mtoto apate jina watu wapumzike."

Nami nikiri kwamba kisio la Mjomba ni zuri kuliko yangu yote. Linaanza panapotakiwa na urefu wake unafaa. Usiku nilikaa nikijiambia huenda ndilo. Ningependa liwe ndilo. Ningeona kwamba aliponifungia mlango alikuwa ananitaja, na benchi lile lingeacha kuniuma. Ningeweza kukuandikia mstari mmoja tu, na wewe ungeniamini, na Mjomba angefunga suala. Lakini kisio la faili nililipima kwa mzee Luhende. Hili nitalipima kwa nani?

Kwa hiyo nakuandikia kile ambacho programu ile haijui kusema. Sijui, dada. Mama alimpa mtoto wako jina, alilitamka akiwa na furaha, na hakuna mtu duniani anayelijua. Mpeni nyie jina. Lolote mtakalompa litakuwa zuri, na halitakuwa lile.

Ule mwanzo nimeuweka kwenye simu ya Wilhelmina akupe mkononi. Ukitaka usikilize ukiwa peke yako. Ni mfupi sana.

Msalimie sana shemeji Shimba, mwambie heshima aliyotupa haikupotea kwa kudharauliwa. Msalimie Queen wifi yetu na rafiki yako yule wa kazini. Huku wanakusalimu Mjomba Mutayoba, shangazi Malimi, Dorotea na Antoni, ambaye kila asubuhi ananiuliza kama nimepata kitu. Nisalimie na huyo mdogo. Nimeacha nafasi hapa ya jina lake, ulijaze mwenyewe kwa kalamu: ....................

Mungu awafunike usiku na awaamshe salama, na Mama huko aliko awaombee.

Wako akupendaye,
Kokulinda