Mstari Nilioruka

Jumatatu, 9 Juni 2025

Sijamwambia mtu. Alhamisi, tulipokuwa tunafanya usafi wa Idi, nilifungua kimlango cha ubavuni mwa bwawa la Bibi, mle zinamokaa nyaya na hita, nikapiga maji ya mpira na sabuni ya unga. Umeme ulikuwa umezimwa, namshukuru Mungu. Mlijaa vumbi jekundu. Kwetu kila kitu huoshwa kabla ya Idi – viti, feni, hata geti. Sikufikiri.

Tangu juzi umeme wa bwawa unakatika. Ni bwawa dogo la uani. Maji yake ya moto husukumwa na mashine, naye Bibi Mwantumu anatembea humo palepale, akishindana na mkondo, kunyoosha mguu uliopooza. Leo alichovya kidole, akasema tuweke soda humo, limeshakuwa friji. Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jumatano, 11 Juni

Amekuja fundi Ambokile, yule aliyefunga nyaya mwezi wa tatu. Akiwasha, breka inaruka, umeme unakata. Akachomoa nyaya za hita – breka ikatulia. Akazirudisha – ikaruka.

"Humu mmeingia maji. Nani ameosha?"

Mjomba Alawi akasema hakuna aoshaye umeme, labda yeye ndiye aliyefunga ovyo.

Ambokile akaomba kile kitabu cha bwawa. Ni cha Kiingereza, kwa hiyo nikaitwa mimi, msomaji wa nyumba. "Taratibu, mwanangu," Ambokile akaniambia. Nikatafsiri ukurasa mzima. Nilipofika pale panaposema sehemu hii isimwagiwe maji, nikaruka mstari. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma.

Mjomba amemfukuza.

Alhamisi, 12 Juni

Baridi kali. Mguu wa Bibi umekaza. Hakula.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya swala Mjomba aliandika kwenye grupu la WhatsApp la wafanyabiashara wa Iringa: nyaya za Ambokile ni hatari, msimpe kazi. Grupu lina watu mia mbili! Jioni Mama akasema gesti moja ya Ipogolo imeshamsimamisha. Vyumba kumi na viwili alikuwa anafunga nyaya. Mama akaongeza, "Na alionekana mtu wa maana."

Nikasema nina usingizi.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi nilikwenda dukani kwa Mjomba. Wateja watatu walikuwepo. Nilitaka kusubiri watoke, ila najijua, ningerudi nyumbani.

"Shikamoo Mjomba. Maji kwenye hita nilimwaga mimi. Na kitabu kinakataza. Sikuwasomea chote."

Aliacha kupima kitenge. Mteja mmoja akaguna, "Makubwa."

Mjomba hakupiga kelele. Alinisogezea simu yake, grupu likiwa wazi. "Mimi nitaanzaje? Andika mwenyewe."

Nilisimama pale kaunta nikaandika: "Mimi ni Ruwaida, mpwa wa Alawi. Fundi Ambokile hana kosa. Niliosha hita kwa maji, kisha nikaficha." Nikatuma. Kisha nikamwomba Mjomba namba ya Ambokile, nikampigia. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.