Uondoe Ule Mfuko

Malaz, Riyadh

Mdogo wangu Mwadime,

Kama umeipata karatasi hii, basi ulinielewa niliposema kwenye simu kwamba pindo la gauni la Mama limekaa vibaya, ulifumue. Pole, wakili mzima kushikishwa wembe. Hujambo lakini? Na Mama, goti lake limetulia, au bado anapanda kile kilima cha kanisa kwa ukaidi wake? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa, na dawa yake iko kwako.

Nakuandikia mchana huu, nyumba nzima ikiwa imelala. Simu siiamini, maana binti wa madam huichukua akaipekua apendavyo, na siku hizi ana kitu cha kumtafsiria Kiswahili. Gauni atalileta Wanza, jirani wa ghorofa ya chini ambaye amemaliza mkataba. Hajui amebeba nini, na usimwambie.

Sikukuu ilipofika tulikwenda Jeddah kwa mama mzazi wa madam. Jikoni nikamkuta msichana wa kazi anaitwa Mwende, kumbe ni wa kwetu Voi! Nilimkumbatia kwa furaha. Siku ya tatu tulikuwa tunakunja sambusa, akapangusa mikono akafungua simu yake.

"Dada, kuna kitu inazunguka kwa grupu ya nyumbani. Eti wakili fulani Nairobi anataka mashoga na wasagaji wapewe haki kama sisi wote. Hebu sikia."

Akaanza kusoma. Zilikuwa kurasa zako, Mwadime. Nilizitambua kabla hajamaliza sentensi ya pili: kwamba Katiba iliposema kila mtu ni sawa mbele ya sheria haikuongeza "isipokuwa fulani", na kwamba mwenye nyumba hana ruhusa ya kumtoa mpangaji kwa sababu ya mtu anayempenda. Kisha akafika kwa Mhojiwa wa Nne, jina limebadilishwa. Fundi cherehani wa mji mdogo, aliyetupiwa vitu nje pamoja na mwanamke aliyekuwa akiishi naye. Nikaomba kimoyomoyo aishie hapo. Hakuishia. Uliandika kwamba fundi huyo alijulikana kwa kushona kimfuko ndani ya kila joho la kwaya, waimbaji wapate pa kuweka sadaka.

Mwende akaiweka simu mezani. Halafu akasema polepole, "Mimi nimeimba na hiyo robe. Sisi wote tulikuwa na hako ka-pocket."

Akaniangalia mikono. Sambusa ikanipasukia, nyama ikamwagika mezani.

"Kwani wewe nyumbani ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nikamwambia niliuza mboga. Akasema "Sawa," akaendelea kukunja. Mpaka leo sijui kama aliniamini.

Akimdokezea bibi yule wa Jeddah neno moja tu, bibi atamwambia madam, madam atamwambia mumewe, na huyo ndiye kafili wangu, mdhamini niliyeandikishwa chini yake. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, iko chini ya jina lake. Huku ile ibara yako ya usawa hainifikii. Kufukuzwa nirudi nyumbani kungekuwa heri, yapo mabaya zaidi ya hapo. Naogopa sana, ndugu yangu. Kengele ya mlango ikilia, najificha nyuma ya mlango wa jikoni, hata kama ni mtu wa maji tu.

Sikulaumu. Nilikusimulia kwa hiari yangu, na sitaki upunguze hata hoja moja, maana najua kuna mtu amefungiwa nje ya nyumba yake leo anayezihitaji. Lakini uliahidi kunificha, nawe ukaficha jina. Jina lina nini? Hapa naitwa Maryam tangu siku niliyoshuka, kwa kuwa madam aliona langu linamkwama ulimini. Na watu wa kwetu hawakunijua kwa jina, walinijua kwa mshono. Umesema makala yako yanageuzwa kitabu. Kabla hakijapigwa chapa, uondoe ule mfuko. Uondoe na cherehani. Sheria yako haitapungukiwa na kitu.

Msalimie Mama, na shangazi wa Mwatate aliyetulea, na mjomba mpiga kengele. Na yule aliyetupiwa vitu nje pamoja nami, msalimie mkiwa wawili tu. Mwambie jambo moja atakalolielewa. Wiki hii madam alinipa gauni la binti yake nilipunguze kiuno. Nilipomaliza nikaligeuza, nikakuta mkono wangu umekwisha kuweka kimfuko ndani, wala haukuniuliza. Nilikaa sakafuni nikakifumua uzi mmoja mmoja, huku nalia, kwa sababu kilikuwa kimekaa vizuri.

Ni mimi dada yako,
muuza mboga.