Udongo wa Ukoka Nilioumwaga

Shangazi,

Wanawake wa kwetu hatuendi makaburini, na hata ningekuwa mwanamume nadhani ningepita mbali na kaburi lako. Dua nakusomea kila Alhamisi, hilo silikosi. Ila naisoma haraka haraka, kama mtu anayetaka kuondoka kabla hajaulizwa kitu. Kwa hiyo nakuandikia.

Nianze na habari njema, maana hukupenda mtu aingie ndani kwa kulia. Tungule zimesimama. Lile shamba la chini, ambalo maji ya bahari ya bamvua yanaingia mpaka udongo ukikauka unabaki na weupe juu, mwaka huu limezaa nyanya. Kisima cha chini bado kina chumvi, na masika yamekatika mapema tena. Lakini tungule zimesimama. Juzi Jumatano wamekuja wageni kutoka Chake kutazama. Wakapiga picha, wakachuma, wakala hapohapo bila kuosha. Mmoja akaniuliza kazi hii nimeifunza kwa nani. Nikamjibu, chuoni.

Jirani yako Bi Riziki alikuwa amesimama ubavuni mwangu na beseni kichwani. Hakunikanusha mbele ya wageni. Walipoondoka akanambia, "Chuo hicho kina ukoka?" Akaenda zake.

Basi niseme yote, hata yale unayoyajua kuliko mie.

Wewe ndiye uliyekuwa mtunza kitalu cha kikundi. Wanawake wanane, na miche yao yote ya tungule na pilipili ilitoka mkononi mwako. Kila mwaka kabla ya kusia mbegu uliteremka pwani na pakacha, ukachimba ule ukoka unaoota ukingoni, pale ambapo chumvi inaua kila jani isipokuwa huo. Ukaja nao pamoja na udongo wake, ukakata mizizi vipande vidogo vidogo kwa kisu cha jikoni, ukauchanganya wote kwenye kitalu. Nilipokuwa mdogo ulinibebesha pakacha hilo nikalia kwamba linanichafua ushungi. Ukanambia, "Udongo nao wataka hamira, mwanangu. Hebu beba." Nikadhani ni maneno ya kumnyamazisha mtoto.

Kisha nikasoma, nikarudi kuwa bibi shamba wa shehia yetu wenyewe, na viatu vya kufunga na daftari jipya. Siku yangu ya kwanza ya kutoa somo kikundi kizima kilikaa kwenye mikeka chini ya banda la kitalu, nawe ukaingia na pakacha lako. Nilikuwa na hofu, Shangazi. Wale wote walinijua tangu nina makamasi. Nikaona nisipojionyesha siku ile sitasikilizwa tena. Nikakuuliza kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, "Shangazi, hiki kilimo au uganga?"

Wakacheka. Na mie, Mungu anisamehe, nikaona raha. Nikalichukua pakacha mikononi mwako nikaenda kulimwaga nyuma ya banda, nikarudi kuwaeleza kwamba udongo wa kuokota unaleta minyoo na maradhi ya mizizi. Ulinitazama ukasema, "Haya, mwanangu. Weye ndo ulosoma." Hukuwa na hasira hata chembe. Laiti ungekuwa nayo.

Mwaka ule tukauchoma udongo wa kitalu kwenye pipa, kuni chini, mpaka ukatoa moshi, nisije nikabakisha mdudu. Nikatia na mbolea ya dukani kwa mkono mpana. Miche ikatoka mizuri ajabu, minene, ya kijani, nikaipiga picha. Tukaipeleka mashambani. Mvua ikakata. Bamvua likaingia. Majani yakaanza kuungua kingoni, yakajikunja, na miche ikalala mmoja baada ya mwingine katika mashamba ya wote wanane. Nyuso zao siku ile naomba nisiziandike.

Walipokuja uani kwako kuuliza, mie nilishajiandaa kusema ni hali ya hewa. Hukunipa nafasi. Ulitangulia wewe: "Mie n'limwagia miche maji ya kisima cha chini. Uvivu wa kwenda juu. N'sameheni, jamani." Na haikuwa kweli! Ulikwenda kisima cha juu kila asubuhi, na goti lile bovu, nilikuona kwa macho yangu. Ulinitupia jicho mara moja tu. Nami nikainamia daftari langu nikajifanya natafuta ukurasa.

Wakakutoa kwenye kitalu. Walikutoa kwa adabu, kwa maneno ya "pumzika sasa Bi Mize, umechoka", lakini walikutoa. Baada ya hapo ukawa unazunguka njia ya nyuma ukienda dukani, ili usilipite lile banda. Mwaka uliofuata, kabla ya Ramadhani, ukafariki. Daktari alisema presha, nami naamini ni presha, sijipi ukubwa wa kuua mtu. Ila ulikufa na jina la mvivu. Wewe, ambaye hata siku za homa tulikuwa tunakunyang'anya jembe.

Na jina hilo halijakwisha. Mpaka leo mtu akimwagilia ovyo ovyo wenzake humwambia, "Usitufanyie ya Bi Mize." Wanasema bila ubaya, kama mtu anavyosema mchuzi umezidi chumvi. Mie huwa nipo hapo, nasikia, naendelea na kazi.

Sasa sikiliza nilivyoaibika. Mwaka jana tuliitwa mafunzoni. Mtaalamu akaleta mzizi mwembamba kama uzi chini ya hadubini, akatuita mmoja mmoja tuchungulie. Nikaona nyuzi nyembamba zaidi zimeuzunguka na kuingia ndani yake. Akasema hiyo ni kuvu, lakini kuvu njema. Inatandaza nyuzi zake mbali kuliko mzizi unavyofika, inauletea mmea maji na chakula, nayo inakula sukari ya mmea. Kwenye ardhi ya chumvi inausaidia mmea usinywe chumvi nyingi. Akasema ukiichoma ardhi unaiua, na ukizidisha mbolea mmea hauitaki tena. Kisha akaeleza jinsi ya kuizalisha: tafuta mmea unaostahamili ukame na chumvi, chukua udongo wa mizizini mwake, kata mizizi vipande vidogo vidogo...

Nikatoka nje. Niliaga kwamba nakwenda kutawadha, na wala si saa ya sala.

Alisema pia kwamba si kila udongo wa porini unafaa, mwingine kweli unaleta maradhi, ndiyo maana watu huuzalisha kwanza na kuukagua. Shangazi, nilivyoing'ang'ania ile sentensi! Nimejificha nyuma yake mwaka mzima. Ni kweli, lakini si jibu langu. Mie sikuupima udongo wako. Niliumwaga ili watu wacheke upande wangu.

Niliporudi nikateremka pwani mwenyewe kuchimba ukoka, alfajiri, nisionwe. Bi Riziki akaniona, bila shaka, maana hakuna kinachompita. Nikauweka udongo kwenye madumu yaliyokatwa, nikapanda mtama juu yake ili kuvu izaliane mizizini, ulipokua nikaukatia maji ukauke, kisha nikachukua udongo na mizizi nikavipeleka kitaluni. Wanawake walinisumbua kweli. Mmoja akasema dawa ya fangasi inauzwa dukani, itakuwaje bibi shamba atuletee fangasi bure? Ungecheka. Nikapanda mistari miwili, mmoja kwa udongo ule na mmoja bila. Sitakudanganya kwamba ni muujiza, kule chini kabisa maji yanakolala hakuna kilichopona. Lakini kwingine kote mstari usio na udongo ulilala, na ule mwingine ukatoa maua. Basi wote wakaja na ndoo zao kuomba. Na unajua wanauitaje? Udongo wa Bibi Shamba. Wanauita hivyo mbele yangu, nami naitika.

Nimekunyang'anya mara mbili. Kwanza nilikunyang'anya pakacha, sasa nimekunyang'anya na kilichokuwamo. Na katikati hapo kuna aibu uliyoibeba kwa ajili yangu, ambayo sikukupokea hata siku moja. Miezi yote ile ulikuwa hai, nyumba ya tatu kutoka kwangu! Nilikuwa nakuletea samaki, nakuletea mkate, nakaa nawe ukumbini tunazungumza harusi za watu. Neno lenyewe sikulisema. Nilikuwa nangoja ulianze wewe, nawe hukuwa mtu wa kulianza.

Jumamosi kikundi kinakutana baada ya sala ya alasiri. Wanataka niwafundishe kuzalisha udongo huo wenyewe, tena watakuja na wanawake wa shehia ya pili. Naogopa. Wale wanane walikosa msimu mzima kwa sababu yangu, wakakulaumu wewe, na watanitazama. Pengine hawatanitaka tena kazini, na haki yao. Nimejaribu kuyasema maneno peke yangu jikoni, nikajisikia najipamba: "nilikuwa mgeni wa kazi", "hakuna aliyejua wakati ule". Wewe ulijua.

Kwa hiyo sitasema kwa kichwa. Nitawasomea barua hii, yote, na hapa pa kujipamba na hapa pa samaki na mkate. Nakuahidi hilo, Shangazi, na safari hii sitajificha kwenye karatasi. Banda lile wakikubali tutaliita kitalu cha Bi Mize, wasipokubali mie nitaliita hivyo peke yangu.

Pumzika, mama yangu wa pili. Mola akupanulie ulipolala, akupe kivuli na maji matamu. Nisamehe ukiweza. Kabla ya kuwasomea nitasimama kwanza niwaambie kwa mdomo wangu: kitalu kile hakukiua Bi Mize. Nilikiua mie, naye alijua.

Mwana wa kaka yako,
Salma