Shemeji Anapoza Dunia, Jirani Anakohoa

Mpendwa mshauri, naomba msaada na nakuomba usinicheke, ingawa najua utacheka. Mimi ni fundi friji, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na saba, sasa shemeji yangu, mume wa dada, ameanzisha kampuni ya kupoza dunia, anajaza maputo gesi ya salfa kwenye paa la jengo tunaloishi, yanapanda, yanapasukia juu kabisa, gesi inatawanyika na kulipunguzia jua makali, ndivyo anavyosema, kibali hana kwa sababu eti joto halisubiri urasimu, na mimi amenipa koti jeupe na cheo cha Mkurugenzi wa Ubaridi, nikakubali maana tangu nizaliwe sijawahi kuitwa mkurugenzi.

Tatizo ni kwamba kila tukijaza, valvu ya mtungi inavuja na gesi inashuka kwenye ngazi, na mama mshonaji wa ghorofa ya juu ana pumu, anakohoa mpaka anashika ukuta, binti yake akaniuliza, "Kaka, hii harufu ni ya nini?" nikamjibu ni vumbi la ule ujenzi wa mtaa wa pili, akaniamini kwa sababu ya koti, wakahamisha cherehani kutoka dirishani wakaiweka kwenye ngazi, chini tu ya mlango wa paa, kukimbia vumbi. Jumamosi kuna kikao cha wapangaji, shemeji anataka nisimame niseme gesi haina madhara, na dada anasema nikikataa nitamvunjia ndoa. Nifanye nini?

Fundi friji

Mkurugenzi,

Nimecheka, samahani. Kisha nikafika kwenye cherehani, kicheko kikaniisha.

Joto lipo na linatutesa sote, sikatai. Wapo wataalamu wanaobishana hadharani kama jua liguswe au lisiguswe, na wenyewe hawajakubaliana. Shemeji yako kawamalizia ubishi kwa mtungi mbovu. Anataka kuamua hali ya hewa ya watu wasiojua hata kwamba yeye yupo, na hajabisha hodi kwa jirani wa chini yake.

Wewe ndiye uliyenichosha zaidi. Friji ya mteja ikivuja, si unawatoa watu jikoni kwanza ndipo ufungue boksi la vifaa? Hayo unayajua miaka kumi na saba. Umevikwa kilemba cha ukoka, ukajitia hamnazo, mgonjwa akahamia kwenye sumu kwa maneno yako.

Pole kwa ya dada. Ila ndoa inayosimama kwa uongo wako, hukuifunga wewe na si kazi yako kuishikilia.

Usisubiri Jumamosi. Vua hilo koti, panda sasa hivi, ibebe cherehani mwenyewe uirudishe dirishani. Andika jina la gesi kwenye karatasi, mpeleke mama zahanati, mwambie daktari kwa mdomo wako, kwa sababu asipoambiwa atatibu vumbi. Ukitoka hapo nenda ofisi ya mazingira na picha ya mitungi. Kwenye kikao utasimama, naam, useme hayo hayo.

Huyo mama atakutukana. Usimkatize wala usijitetee, msubiri amalize. Kwa pumzi uliyomwachia, itamchukua muda.